Kila Duka, Rafu Moja ya Riwaya

Hotuba ya mwandishi wa riwaya kabla ya kutia saini kitabu chake kipya, katika duka la vitabu, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, ndugu na majirani, habari za jioni. Mama mwenye duka, nakushukuru kwa kuziondoa meza za madaftari ili watu wapate pa kukaa. Najua bidhaa uliyoisogeza pembeni ndiyo inayolisha nyumba, na umeisogeza ili kipite kitabu cha hadithi. Hilo peke yake limenipa sababu ya kuyasema niliyokuja kuyasema.

Mmeniita nizungumzie riwaya mpya. Nitaizungumzia, kwa sababu nimeiandika kwa mapenzi na nataka isomwe. Lakini kitabu kina wa kukisemea: jalada lake, jina la mwandishi, na redio ikipenda itakitaja. Duka la vitabu la mtaani halina wa kulisemea. Leo nitalisemea mimi.

Tuanze na kitabu. Riwaya hii inakaa kwenye kambi ya shamba la mkonge, kati ya Muheza na Korogwe. Babu wa familia alitoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba, ameandikishwa na SILABU, ofisi iliyoundwa na wenye mashamba mwaka 1944 ili ikusanye wafanyakazi kutoka mbali. Alifanya kazi kwa kipande: siku 30 za kukata majani na kufunga mizigo, ndipo kadi ijae na mshahara utoke. Mwanawe akaja kufanya kazi kwenye korona, mtambo wa kuchakata singa, yaani nyuzi za mkonge. Mjukuu, ambaye ndiye anayesimulia, alipopata akili korona ilikuwa imeshanyamaza.

Wengi mlio hapa hamhitaji kuelezwa habari hiyo, mmeizaliwa. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, na Tanga ilikuwa moyo wa kazi hiyo. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei duniani, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka chini ya tani 40,000. Takwimu hizo ziko kwenye vitabu vya uchumi. Nilichokitafuta mimi ni jibu la mtoto wa kambini mwalimu anapomuuliza kwao ni wapi. Baba yake alizaliwa kwenye nyumba ya kampuni. Kampuni ikawa mali ya shirika la umma, baadaye shamba likauzwa, na yeye bado yumo kwenye chumba kilekile, hadi siku moja anafika mtu mwenye hati. Kuanzia hapo mtasoma wenyewe.

Sasa mtaniuliza kwa nini kitabu cha namna hii kimeanzia hapa. Desturi tuliyoizoea ni uzinduzi Dar es Salaam: ukumbi, mgeni rasmi, utepe unakatwa, nakala ya kwanza inapigwa mnada, picha zinapigwa. Ni heshima kubwa na sijaidharau. Mnada kama huo umewahi kulipia gharama za uchapaji wa vitabu ambavyo visingetoka kabisa. Ila kesho yake wageni wameshaondoka na nakala zao, na msomaji wa Korogwe aliyesikia habari hizo redioni anauliza kitabu atakipata wapi. Anajibiwa aagize Dar, kitakuja na basi. Nauli ya kifurushi inakaribia nusu ya bei ya kitabu. Anasema atanunua siku akienda mjini, na siku akienda mjini ana ada ya mtoto na dawa za mama yake. Kitabu hakimo tena kwenye hesabu.

Mchapishaji wangu na mimi tukakubaliana tuanze na msomaji huyo. Tutapita kwenye maduka ya miji ya mkoa huu, na kila mahali nitatia saini ndani ya duka. Sina nakala kwenye buti la gari. Sitauza mkononi, sitauza stendi ya Kange, sitauza msibani wala harusini, ingawa wapo wenzangu wanaofanya hivyo kwa sababu hawana njia nyingine, na nawaheshimu kwa uvumilivu wao. Mwandishi akiuza mwenyewe mkononi, nakala inatoka na hela yote inabaki kwake. Akiondoka mjini, kitabu kimeondoka naye. Hakuna mahali ambapo mtu atakayekitaka mwezi ujao atakwenda kukiulizia.

Niieleze biashara yenyewe, maana wasomaji hawaelezwi. Riwaya ya Kiswahili mara nyingi huingia dukani kwa mali kauli. Mchapishaji analeta nakala, mwenye duka anazipokea bila kulipa, zikiuzwa anakata fungu lake na kutuma kilichobaki, zisipouzwa zinarudi. Ukisikia hivyo utadhani mwenye duka hana hasara. Anayo. Rafu inalipiwa kodi ya pango na leseni, na kijana anayeifuta vumbi analipwa. Futi mbili za rafu zinazobeba riwaya zisizoguswa tangu Ramadhani zingebeba rimu za karatasi na kalamu zinazotoka kila saa. Mwenye duka anayeweka riwaya leo anatoa sadaka ya nafasi, na hatuwezi kujenga fasihi ya taifa juu ya sadaka ya mama mmoja wa Ngamiani.

Sasa hela. Chukueni kitabu cha shilingi 15,000. Katika mkataba wa riwaya hii duka linabaki na asilimia 30, yaani 4,500. Mimi napata mrabaha wa asilimia 10, yaani 1,500. Zinabaki 9,000, na humo wamo mhariri, mpanga kurasa, mchora jalada, karatasi, wino, gundi, usafiri na mchapishaji mwenyewe. Karatasi nyeupe ya vitabu tunaiagiza nje, kwa hiyo dola ikipanda, na riwaya ya Muheza inapanda. Halafu kuna jambo la mtambo. Mtambo wa ofseti unadai pleti zilezile na matayarisho yaleyale uchape nakala 300 au 3,000. Ndiyo maana kitabu kinachochapwa kwa uchache huwa ghali. Kikiwa ghali hakinunuliwi, na kisiponunuliwa toleo linalofuata linakuwa dogo zaidi, kama lipo. Mzunguko huo mwandishi hawezi kuukata kwa kalamu yake, hata aandike vizuri namna gani. Unaweza kukatwa na maduka thelathini ya miji ya kawaida, kila moja likiuza nakala chache mwezi hadi mwezi bila kukoma. Nakala chache tu. Mchapishaji akijua kwamba Tanga, Singida, Mtwara na Kigoma kuna rafu zinazotoa kidogokidogo, atachapa nyingi kwa mara moja, na bei itashuka kwa kila mtu.

Zamani kulikuwa na njia. Wazee mnazikumbuka kampeni za elimu ya watu wazima, madarasa ya jioni chini ya miembe, kina mama wakitoka shamba na madaftari kwenye kanga. Mwaka 1986 ilitangazwa kuwa watu wazima wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Vitabu vilisambazwa na Tanzania Elimu Supplies, shirika la umma, na lilipodhoofika maduka ya watu binafsi yakaubeba mzigo. Yaliishi kwa vitabu vya shule. Januari ililipia mwaka mzima, na faida ya Januari ndiyo iliyoruhusu riwaya zikae rafuni Juni bila kufukuzwa. Kisha, kuanzia mwaka 2013, kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu vikawa vinapelekwa shuleni moja kwa moja. Mzazi alipata nafuu, na mimi ni mzazi, sitaki turudi nyuma. Lakini duka la mtaani lilipoteza nguzo yake na hakuna aliyelipatia nyingine. Likageuka stesheneri. Fotokopi, picha za pasipoti, bahasha, kadi za mwaliko. Riwaya zikapandishwa juu kabisa karibu na dari, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki na macho ya mzee hayasomi mgongo wa kitabu.

Tazameni hata hapa. Mama mwenye duka amezishusha jana.

Riwaya pekee inayouzwa kwa uhakika ni ile iliyochaguliwa kuwa kitabu teule cha mtihani. Ni baraka kwa mwandishi aliyechaguliwa, na baadhi ya waandishi wetu bora tumewajua kwa njia hiyo. Lakini fikirini yanayompata msomaji. Kijana anasoma riwaya mbili tatu akiwindwa na maswali ya dhamira, wahusika na tamathali. Akimaliza kidato cha nne anampa mdogo wake kitabu, na kwa wengi huo ndio mwisho wa riwaya katika maisha yao. Hajawahi kusoma kurasa mia mbili bila kuulizwa chochote baadaye. Hajawahi kukesha kwa sababu anataka kujua kama yule dada atamrudia mumewe. Walimu wa fasihi mlioko hapa mnajua nisemacho, na najua wako miongoni mwenu wanaowaazima wanafunzi vitabu vyao wenyewe, vilivyonunuliwa kwa mshahara wa ualimu. Mungu awalipe. Ninawaomba muwalete watoto dukani, hata bila hela, waone kwamba riwaya inakaa mahali pengine zaidi ya orodha ya mtihani.

Na mji huu una haki ya kudai mambo haya kuliko miji mingi. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka hapa Tanga kuanzia mwaka 1904, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Kabla yake, katika miaka ya 1890, wamisionari wa Magila kule Muheza walikuwa wakichapa Habari za Mwezi. Naujua ubaya wa utawala ule, sina haja ya kuupaka rangi. Ninachokitazama ni watu wetu: walimu na makarani waliotuma habari zao na mashairi yao yakapigwa chapa hapahapa, yakasomwa na watu wasiowajua. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtu wa Tanga hakuona ajabu kusoma maandishi ya Kiswahili yaliyochapwa mjini kwake.

Na Machui, mwendo mfupi kusini mwa mji, amelala Shaaban Robert. Alizaliwa jirani na hapo, Vibambani, mwaka 1909. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani wa forodha, ikampeleka Pangani na kwingineko, na sehemu kubwa ya alichotuachia alikiandika akiwa mtumishi wa serikali mwenye saa za kazi na wakubwa wa kuwaitikia. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 kwa mchapishaji wa Uingereza. Alifariki mwaka 1962, na Kufikirika haikutoka hadi mwaka 1967. Hakuiona ikiwa kitabu. Hakuishika, hakumwona mtu ameikunja mfukoni akienda nayo kazini. Nami nasimama hapa, hai, nikiwaona ninyi mmekishika kitabu changu kabla hakijamaliza hata mwezi tangu kutoka mtamboni. Sichukulii hivihivi neema hiyo. Mtoto wa Tanga analijua jina la Shaaban Robert kwa sababu ya mabango na mitihani. Akiingia dukani na elfu kumi ya sikukuu, nataka avikute vitabu vyake viko usawa wa macho, na pembeni vya watu walio hai.

Mtu atasema siku hizi kuna tuzo. Zipo, na nazifurahia kwa dhati. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imewapa waandishi wapya jina na fedha tangu ilipoanza kutolewa mwaka 2023. Tuzo inamwinua mwandishi. Duka linamtunza msomaji, na msomaji asipotunzwa mshindi atapigiwa makofi na ukumbi ambao hautasoma alichoshindia.

Kuna hili la simu. Kila mwandishi wa Kiswahili leo ana hofu moja: kitabu kutoka Jumatatu na PDF yake kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp Ijumaa. Niseme wazi ninapoweka mpaka. Ukinunua nakala moja ikasomwa na nyumba nzima, ikavuka barabara, ikafika Makorora, ikarudi imechakaa na chai imemwagikia ukurasa wa arobaini, mimi nitafurahi. Hivyo ndivyo kitabu kinavyoishi uswahilini tangu zamani, na waliosoma kwa kuazima ndio wanunuzi wa kesho. Lakini anayekipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukirusha kwa watu mia tano amelifungia duka hili mlango. Mimi atakuwa amenikosesha shilingi 1,500 kwa kila nakala. Duka atalikosesha 4,500. Mkiliona faili hilo kwenye grupu lenu, msilisambaze, na mwambieni aliyelituma kwamba kitabu kipo Ngamiani na mwenye duka ana jina na watoto. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini mlinzi wa kwanza ni mwanagrupu anayekataa.

Ninayoyaomba ni madogo. Kwa wenye maduka, na nimeambiwa wako wawili wametoka Muheza kuja kusikiliza: rafu moja. Moja tu, usawa wa macho, karibu na kaunta, ya riwaya za Kiswahili zisizo za mtihani. Msiweke changu peke yake. Rafu ya kitabu kimoja ni tangazo, na watu hupita tangazo. Changanyeni wa zamani na wapya, wa mapenzi na wa upelelezi, wa bara na visiwani. Msiwadharau waandishi wa upelelezi. Hao ndio waliowafanya watu wa rika la baba zangu wasome kwenye mabasi na kwenye vibanda vya kusubiria zamu. Mchapishaji wangu amekubali kuleta mali kauli ya miezi sita badala ya mitatu kwa duka litakalofanya hivyo, na gharama ya kurudisha zilizobaki ni yake. Nimemsihi awaandikie hivyo, na barua zipo.

Kwa wasomaji: mkikosa kitabu, kiulizieni kwa jina. Mwenye duka akiulizwa na mtu mmoja atasahau, akiulizwa na watatu ataagiza. Hii ndiyo nguvu kubwa mliyonayo na haina gharama. Na wakati wa kununua, lipeni kaunta, kwenye lipa namba ya duka, mchukue risiti. Wengine mmenishikia noti mkononi tangu naingia. Nashukuru, lakini pelekeni kwa mama.

Neno kuhusu saini. Natia saini nakala iliyokwisha kununuliwa tu. Kuna wenye maduka wanaoniomba nisaini zote zilizo rafuni ziuzwe baadaye, nami nakataa kwa ajili yao, maana kwa makubaliano yetu nakala iliyoandikwa haiwezi kurudishwa kwa mchapishaji. Isipouzwa inamwangukia yeye. Anayetaka saini na hakuweza kufika leo, amwachie mwenye duka jina lake, na nitakaporudi kutoka Lushoto nitapita tena hapa.

Ratiba ni hii: tukitoka hapa ni Muheza, halafu Korogwe, kisha tunapanda Lushoto, na tutamalizia Pangani. Mwenye ndugu huko amwambie. Korogwe tumewaalika wazee waliofanya kazi kwenye korona, waje wasahihishe nilivyoeleza kazi yao. Nina hamu kubwa ya kuwasikia kuliko ya kusikilizwa.

Sasa nitasoma mwanzo wa sura ya tatu, pale mwenye hati anapoingia kambini na wanawake wako bombani. Ni kama kurasa sita. Wazee wa nyuma mkiwa hamnisikii, nyanyueni mkono. Baadaye kaunta iko wazi, nami nitakuwa meza ile ya dirishani mpaka wa mwisho wenu aondoke. Ukifika, nitajie jina lako herufi kwa herufi, maana hata Mwanaidi huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Na kijana wa kaunta ana daftari jekundu: kila mmoja aandike riwaya moja ya mtu mwingine, si yangu, anayotaka iletwe hapa kabla ya Idi.